Kitunguu Kisicho na Mchuzi

Kaka yangu alisema nitarudi kabla ya miezi mitatu. Alisema huku anakata kucha, hata macho hakuninyanyulia, na hilo liliniudhi kuliko maneno yenyewe.

"Mombasa huijui," alisema. "Hata watu wawe wapole vipi, ugenini kila kitu unanunua. Hapa hata chumvi unaomba dirishani."

Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, nimeachika, na kwa mwaka mzima nilikuwa nalala sebuleni kwake Kariakoo, nyuma ya pazia la maua. Usiku wao wanaangalia mpira, mimi nimejifunika shuka usoni. Nilichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu: chumba chenye mlango, na ufunguo niwe nao mimi.

"Nikirudi kukuomba nauli," nikamwambia, "niite mjinga mbele ya wanao."

Mombasa nilikuwa nimefika mara moja tu, kwa harusi ya rafiki, na kilichonishika moyo ni ule utulivu wa Mji wa Kale. Baada ya adhuhuri vichochoro vya nyuma ya Ndia Kuu vinanyamaza kiasi cha kusikia mtu anakoroga sukari ghorofani. Mimi ni fundi cherehani. Mtu anayeshinda na kelele ya mashine huona kimya kama chakula.

Nikauza friji, kitanda na bangili mbili. Kichwa cha cherehani nikakifunga ndani ya blanketi, nikapanda nacho basi nimekipakata. Mpakani nikabadilisha fedha. Donge la noti za kwetu lilikuwa halifumbatiki kwa mkono mmoja. Nililopewa mahali pake lilikunjika likaingia kwenye sidiria lisionekane. Nikahesabu mara mbili nikidhani nimeibiwa. Sikuibiwa, ndivyo fedha zinavyobadilishwa.

Chumba nilikipata ghorofa ya chini, kwa mama mmoja mjane wa Kihindi, Mwislamu, aliyezaliwa ndani ya nyumba ile ile na akazeeka humo. Kiswahili chake cha Kimvita kiliniaibisha mimi niliyejiona mwenye lugha. Alikaa juu peke yake, na kati yetu palikuwa na ngazi ya mbao tu.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la mtu wa Dar es Salaam. Kwetu mwenye nyumba hakusikilizi mpaka uwe na kodi ya miezi sita mkononi. Sikuuliza kama huku nako ni hivyo. Nilipanda ngazi, nikaketi, nikamwekea ya miezi sita juu ya mkeka.

"Zote hizi za nini, mwanangu? Hapa mtu hulipa mwezi kwa mwezi."

Ningezirudisha sidiriani pale pale, ningeshiba, na leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini masikioni nilikuwa bado na sauti ya kaka yangu na kile kikata kucha chake.

"Pokea zote, Mama. Miezi sita hakuna wa kunigongea mlango."

Akanitazama sana. "Na ya kula ushaweka?"

"Nimeweka."

Nilikuwa nimeweka ya wiki tatu, tena kwa kujibana.

Nikajifunza bei moja moja, na kila moja ilinitoa jasho. Siku ya kwanza nilinunua mitungi sita ya maji kwa mwenye mkokoteni, nikaogea, nikafulia, nikadeki. Siku ya pili mwenye mkokoteni mwenyewe alinionea huruma. Akanielekeza kisima cha uani: maji yale yana chumvi, ni ya kufulia na kudekia, ya kununua ni ya kunywa na kupikia tu. Tokeni za stima nazo zilikwisha kabla sijazoea kuuita umeme stima. Dukani nilikuwa naanza kwa "Hii bei gani?", na mwenye duka ananitazama tu mpaka nikumbuke kuwa sijamsalimia.

Yote hayo ningeyamudu kama ningepata kazi. Sikupata. Wanawake wa mtaa walinisalimu vizuri, wakaniuliza hali, safari, wazee wangu, kisha kila mmoja akaingia kwake. Hakuna aliyeniletea kitambaa. Sikuwalaumu. Kumpa fundi vipimo vya mwili wako ni kumpa siri, na mimi nilikuwa mtu wa juzi.

Mwezi wa pili fedha zikaisha. Nikawa nanunua mkate mmoja, naugawa kwa siku mbili, nateremshia chai ya rangi. Kilichonitesha zaidi ya njaa ni ile ngazi. Nyumba zile harufu hupanda. Mama wa juu alijua mtaa mzima unapika nini bila kutoka kitini, na kimya cha jiko langu kingenisema. Basi kila jioni nikakaanga kitunguu kimoja, kwa matone ya mafuta, nikakiacha kinukie vizuri, nikakila na mkate. Nilijiona hodari kweli kweli.

Na kila Ijumaa kaka yangu anapiga simu. "Vipi, nitume nauli?"

"Ya kwenda wapi?" namjibu, tumbo linanguruma karibu alisikie.

Siku moja baada ya alasiri nikasikia ngazi inalia. Mama yule hakuwa na desturi ya kushuka. Magoti yalikuwa yanamsumbua. Alikuja taratibu, mkono ukutani, kwapani ana mkebe wa biskuti. Akaketi kwenye kiti changu cha cherehani, akapumua.

"Siku tisa hizi nanusa kitunguu," akasema. "Nangoja nyanya, haiji. Nangoja bizari, haiji. Mchuzi gani huu upikwao kwa kitunguu pekee?"

Niliona haya mpaka masikio yakawaka, kisha nikamkasirikia, nikajikasirikia, nikalia. Yeye akafungua mkebe.

"Zako hizi. Nimetoa za miezi miwili, basi. Mwezi haujaingia, kodi yake nitaila vipi?"

Miezi minne ilikuwa humo, imefungwa raba, vile vile nilivyompa. Kumbe nilikuwa nakufa njaa, na fedha yangu iko kichwani pangu, juu ya dari.

"Mbona hukunambia, Mama?"

"Siku ile ningekwambia, ungesikia?"

Nisingesikia. Nikaushika ule mkebe na, nisiseme uongo, kitu cha kwanza nilichokiona ndani yake kilikuwa basi. Nauli ilikuwamo, na ya kununulia kitanda kingine. Ningeweza kuwa Kariakoo kesho yake, nyuma ya pazia la maua. Nikautazama mlango wangu. Ulikuwa umepigwa rangi ya kijani na komeo lake lilikuwa gumu, ukilifunga lazima usukume kwa bega.

Nikatoa ya mwezi mmoja, mkebe nikamrudishia.

"Hizi zilizobaki ni za mpaka mwezi wa tano. Wa sita nitaupandisha kwa mkono wangu."

"Kula kwanza," akasema, "ndipo uape."

Nikala. Fedha iliyobaki nikanunua kitenge na bitana, nikajishonea gauni la mtindo wa kwetu, la mikono mipana, nikatia kila nilichokijua. Mama akanitazama nikilipima, akaniambia Jumamosi kuna harusi, nitafuatana naye. Tukaenda, mimi nimelifunika kwa buibui kama watu. Ndani, kwenye shughuli ya wanawake, buibui zikavuliwa, na hapo ndipo kila mtu humtazama mwenziwe alivyovaa. Watu hawakuniuliza mimi, walimuuliza yeye. "Ni fundi wangu," akawajibu, "yuko kwangu chini."

Jumatatu mlango wangu ukagongwa. Akaja mmoja na kitambaa, siku ya pili akaja na dadake. Nilishona mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Kuna gauni nililiharibu, nikalipa kitambaa cha watu, na wiki ile nikarudia mkate na chai. Lakini kitunguu cha uongo sikukaanga tena.

Siku ya kwanza ya mwezi wa sita nilipanda ngazi asubuhi nikiwa na kodi ya mwezi mmoja, noti za wateja, nyingine zimekunjwa kunjwa. Mama akazihesabu polepole, akaziweka kwenye mkebe mtupu.

"Na ya kula ushaweka?"

"Ngoja kidogo, Mama," nikasema, nikaketi.

Tukangoja, sufuria yangu iko chini juu ya moto mdogo. Akainua pua.

"Nyanya," akasema. Kisha baada ya muda, "Bizari." Akafunga mkebe. "Teremka, usije ukaunguza."