Meneja, Kilo Sabini

Siku yangu ya kwanza kazini Sumbawanga nilikabidhiwa fagio. Nilikuwa nimetoka chuo cha urubani Soroti, leseni mfukoni, shati jeupe lenye mistari mabegani. Mlinzi wa kiwanja, mzee wa Kifipa asiyependa maneno mengi, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Mbuzi wamelala kwenye njia ya ndege. Wewe anzia huku, mimi naanzia kule." Tukafagia mavi ya mbuzi mpaka jua likapanda. Ndipo nikaingia kwenye ndege.

Ilikuwa ndege ya injini moja, viti sita, mali ya shirika la umma lililonunua mazao ya wakulima. Jina lake silitaji. Shirika lenyewe lilishakufa zamani. Kazi yangu ilikuwa kumpeleka Meneja wa Mkoa na maofisa wake kwenye vijiji vya ujamaa, hasa kule bondeni Rukwa, ambako masika yakishika gari halifiki hata uliombee dua. Kiwanja tulichokitumia sana kilikuwa cha majani, karibu na Kaoze. Mara mojamoja tulibeba dawa, au mgonjwa.

Sasa nieleze jambo la ufundi, msije mkasema mzee anahadithia tu. Sumbawanga iko juu sana, na hewa ya juu ni nyembamba, injini haipati nguvu yake yote. Bondeni nako kuna joto, na hewa ya moto ni nyembamba vilevile. Katikati ya bonde na mji umesimama ukuta wa milima, Lyamba lya Mfipa. Ukiruka kutoka Kaoze huuendei moja kwa moja. Unazunguka kwanza juu ya bonde mpaka upate kimo, ndipo uelekee nyumbani. Ndege ikiwa nzito, kimo hakiji. Kwa hiyo kabla ya kuruka rubani hujaza karatasi ya mzigo: kila abiria na uzito wake, mizigo, mafuta. Jumla ikizidi kiwango, mtu anashuka, au gunia linashuka.

Mizani tuliyokuwa nayo ni ile ya ghala la shirika kando ya kiwanja, ya kupimia mahindi. Na mizani ile, jamani, Ufipa nzima ilijulikana kwa jambo moja tu: ni mahali pa kupunjwa. Mimi mgeni wa kazi nikaibeba nikaiweka karibu na ndege. Meneja akafika, mtu wa kitambi, suti ya mikono mifupi, kalamu mbili kifuani.

"Ndugu Rubani, hii ni nini?"

"Mizani, Ndugu Meneja. Naomba upande."

Akacheka. Kisha akaona wakulima wamesimama foleni ghalani wanatutazama, kicheko kikaisha. "Mimi nipande mizani ya mahindi mbele ya wananchi? Kesho watasema shirika limempima meneja wake likampunja. Andika sabini, tuondoke."

Mtu yule hakupungua kilo mia. Nikaandika sabini.

Ikawa desturi. Kila mkubwa, kilo sabini. Baadaye ukaja mchele wa bondeni, gunia mbili, gunia tatu za wakubwa nyuma ya viti, nami nikawa naandika "vifurushi". Mtaniuliza nilisalimikaje. Nilijua uongo wangu ulipolala, nikawa naufidia. Nilitia mafuta pungufu. Niliruka alfajiri, baridi bado ipo. Nilizunguka juu ya bonde hata mizunguko kumi, Meneja akinung'unika kwamba nachoma mafuta ya taifa. Mambo hayo hayakuwa kwenye karatasi yoyote. Yalikuwa kichwani mwangu tu.

Halafu mishahara ikapanda. Si yetu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika, nchi ikahitaji marubani wa kurusha ndege zake yenyewe za abiria, na habari zikatufikia kwamba rubani wa abiria sasa analipwa mara mbili yetu, na posho ya kuruka juu yake. Sisi wa mashirika tulikuwa na faida zetu, siwezi kukataa. Nilikuwa na nyumba ya shirika mtaa wa Chanji. Sukari ilipoadimika, mke wangu hakupanga foleni. Lakini mshahara ulisimama palepale mwaka hadi mwaka, na mkubwa wako yuko kiti cha pembeni, goti lake linagusa lako. Wenzetu wa abiria walikuwa na mtu kazi yake ni kupima tu, na rubani akikataa mzigo, mzigo unabaki. Nikaandika barua. Nikakubaliwa.

Kilichobaki ni kibali. Siku zile hukutoka shirika la umma kwenda lingine kwa miguu yako. Lazima mkuu wako akuachie kwa maandishi. Meneja akaniambia, "Nitakuachia nikishampata wa kukaa hapo, na nikishaona mimi naye tunaelewana. La sivyo utabaki na mimi, ndugu yangu."

Aliyepatikana ni Sadiki. Mtoto wa Mazwi, palepale Sumbawanga mjini, wa ukoo wa wenye malori, rika langu, amezoea kurusha ndege za kunyunyizia dawa mashamba ya pamba. Mtu wa utani mwingi, lakini kazini hana mchezo. Siku yake ya kwanza namkabidhi, nikamwona anatoka ghalani amebeba nini? Mizani.

"Sadiki, irudishe."

"Kwa nini? Kapteni, hapa hampimi?"

"Meneja hapandi mizani. Andika sabini."

"Yule bwana ni sabini? Labda mguu mmoja!" Akacheka, mimi sikucheka. Akaona. "Mwenzangu, hii ni hatari."

"Nimeifanya miaka yote, mbona nipo? Usianze kazi kwa kugombana na mkubwa."

Sikumwogopea yeye. Nilikuwa naogopea kibali changu. Kama Sadiki angegombana na Meneja siku ile, nisingeondoka. Na ule ufundi wangu wa kufidia, mafuta, alfajiri, mizunguko, sikumweleza, kwa sababu kueleza ni kukiri kwamba karatasi zangu zote zilikuwa za uongo. Akairudisha mizani. Wiki ile Meneja akatia saini.

Sikumaliza miezi mitatu Dar es Salaam. Sadiki aliruka kutoka Kaoze saa sita mchana, masika, joto limekaza, Meneja ana mkutano mjini saa nane. Walikuwa watatu, yeye, Meneja na ofisa mmoja, na mchele nyuma. Wakulima waliokuwa mpungani walisema ndege ilizunguka mara mbili tu, ikauelekea ukuta ikiwa chini, ikajaribu kugeuka. Hakupona mtu. Niliposikia nilikaa chini kwenye ngazi za nyumba na shati la kazi mwilini, mke wangu akidhani naumwa.

Nikaitwa kwenye uchunguzi. Nakala ya karatasi ya mzigo ilikuwa imebaki Kaoze kwa mlinzi wa kiwanja cha kule. Mwenyekiti wa uchunguzi akanisogezea mezani. Mwandiko wa Sadiki, safi, umenyooka: Meneja, kilo sabini. Ofisa, kilo sabini. Vifurushi.

"Wewe ndiye uliyemkabidhi kazi. Ndivyo alivyokuta?"

Nilijua ninachoweza kupoteza. Nikisema ndiyo, leseni yangu inaondoka, na ajira mpya inaondoka nayo. Nina watoto wanne.

"Hapana, Ndugu Mwenyekiti," nikasema. "Mimi nilimwachia mizani."

Na kweli mizani ilikuwepo. Ndivyo nilivyojidanganya kwa miaka: sikusema uongo, mizani ilikuwepo. Ikaandikwa kwamba kosa ni la rubani, amejaza uzito usio wa kweli. Sumbawanga ni mji mdogo, na ndugu wa Meneja ni wengi. Mke wa Sadiki akawa anapita sokoni watu wananyamaza. Wanawe shuleni waliitwa watoto wa aliyemuua Meneja. Hayo yote nilisimuliwa, nikawa nashusha macho, naendelea kuruka, napandishwa cheo.

Nimerusha ndege kubwa mpaka nikastaafu. Sikuwahi tena kuruka na mzigo nisiopima, na hilo halijanisaidia kitu. Mnaniuliza kazi ipi ilikuwa bora, ya shirika au ya abiria. Ya abiria, tena mbali sana. Aibu ni yangu, si ya kazi.

Nilistaafu nikiwa bado nalala vibaya. Mwaka jana nikapanda basi mpaka Sumbawanga, nikaenda Mazwi nyumbani kwa mke wa Sadiki. Amezeeka, lakini alinitambua mlangoni.

"Karibu, shemeji. Umechelewa."

Nikamwambia yote, mizani, kibali, uchunguzi. Hakulia. Alisema, "Mume wangu alinieleza jioni ileile, kwamba umemrudisha na mizani. Nilikwenda kwenye uchunguzi kusema, wakaniambia maneno ya mjane si ushahidi. Nikabaki kukungoja wewe." Kisha akamwita mwanawe mkubwa kutoka dukani. "Mwambie na huyu. Kwa mdomo wako."

Akaja mtu mzima mwenye mvi, sura ya baba yake kabisa. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba. Nikasema tena yote, kuanzia mwanzo. Alisikiliza amesimama, mikono ina unga wa dukani.

Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu. "Huko ulikokwenda, walikuwa wanakulipa kiasi gani?"

"Mara mbili ya baba yako."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayehakikisha hesabu. "Mzee, mama atakupa chai," akasema. "Mimi nina wateja."