Gubatu: kisima chenye maji, dizeli na injini, kisicho na wa kusema fungua

Alhamisi, tarehe 6 Februari 1997, jua likiwa utosini, Jelle Hared anatoka kwenye kivuli cha kibanda cha injini na kutazama upande wa kaskazini. Kuna vumbi. Mgeni angesema ni kimbunga tu cha jilaal, ule msimu mkavu unaokausha hata mate mdomoni. Jelle hadanganyiki. Vumbi la upepo huinuka likaanguka. Hili linakuja tu, pana na zito.

Linapokaribia anaona ngamia, na juu ya migongo ya ngamia anaona miti iliyopindwa ya nyumba, mikeka, vibuyu vya maziwa, sufuria. Mchungaji anayekuja kunywesha na kurudi habebi nyumba yake. Hawa wamehama kabisa.

Nyuma yake kibanda kimefungwa kwa kufuli. Ndani kuna injini nzima isiyo na kasoro, na mapipa ya dizeli yaliyojaa. Chini ya ardhi maji yapo. Ufunguo uko kwenye kibindo cha kikoi chake. Ruhusa ya kuutumia hana.

"Siku hiyo ndiyo mambo iliharibika," anasema sasa, zaidi ya mwezi baadaye, akiwa ameketi mlangoni mwa kibanda hichohicho. "Ilikuwa Ramadhani, tumefunga. Lakini mdomo yangu haikukauka kwa saumu. Ilikauka kwa sababu hawa watu walihama kwa neno langu."

Gubatu si kijiji. Ni kibanda cha mabati, tangi, mabirika ya saruji ya kunyweshea mifugo na nyumba ya mlinzi, katikati ya nyika, mwendo wa siku mbili wa mifugo kutoka Balambala na mto Tana. Kisima kilichimbwa miaka ya themanini kiwe cha dharura. Mwaka mzuri hufungwa, maana maji yakimwagika mwaka mzima watu hujenga, maduka hufuata, na nyasi zote za kuzunguka huliwa zikaisha kabla shida haijafika. Wazee wa koo zote walikubali hivyo wenyewe. Mwaka mbaya ukija kisima hufunguliwa, na nyasi zilizopumzika huokoa mifugo.

Jelle ana miaka hamsini na kitu, hicho kitu hakijui vizuri. Alisoma chuo cha Qur'ani na madarasa mawili ya serikali. Injini alijifunza kwa kumshikia fundi spana. Hulipwa shilingi elfu mbili na mia nane kwa mwezi, ukiwa ni mwezi ambao wakubwa hawakumsahau.

Mkewe, Batula, alifariki katika ukame wa mwaka 1992. Gari la wagonjwa lilikuwapo Garissa. Mafuta yake yalikuwa bado yanazungumzwa mkutanoni. Habari hiyo huisimulia kwa maneno hayohayo machache, kisha hugeukia kufuli la mlango na kulifuta kwa tambara, ingawa halina vumbi.

Zamani, kufungua Gubatu halikuwa jambo la kuumiza kichwa. Afisa mmoja wa maji mjini Garissa alituma mtu na neno moja: fungua. Alikuwa mkali, na mara nyingi alichelewa, lakini alijulikana alipo. Ukimkosa ofisini ulimkuta hotelini, chai mbele yake, ukamshika hapohapo.

Siku hizi kuna mpango. Kenya iliridhia mkataba wa dunia kuhusu hali ya hewa mwaka 1994, na tangu hapo, kwa jinsi Jelle alivyoelezwa, Nairobi inaandaa mpango wa taifa na wafadhili wanaleta pesa. Injini ya Gubatu ni ya watu wa maji. Nyasi ni za watu wa mifugo. Ukame una ofisi yake. Dizeli ililetwa na ofisi mpya ya hali ya hewa. Juu ya wote hao ikaundwa kamati ya uratibu, ambayo kazi yake ni kuwafanya waseme jambo moja. Hadi leo hawajalisema.

Mapipa yalifika Januari kwa lori, yametiwa lakiri. Aliyeyaleta ni Abdiwahid Korane, mratibu wa kamati, kijana wa Garissa mwenye shahada na adabu zake. Alimwambia Jelle kisima kitafunguliwa wiki ijayo. Haukupita muda redio ikatangaza kwamba ukame ni janga la taifa. Jelle akasafisha mabirika, akatia injini oili, akangoja.

Katika siku hizo za kungoja ndipo Awil alipofika.

Awil alikuwa sahan. Wafugaji wa huku hawahami kwa kubahatisha. Humtuma mtu mwenye akili na miguu, atangulie kutazama maji, nyasi na amani. Huyo ndiye sahan. Anachosema akirudi, familia nzima hukifuata. Kumwambia sahan neno lisilo la hakika ni sawa na kumtilia mtu sumu kwenye maziwa.

Awil alizunguka kisima, akatazama nyasi, akagonga mapipa kwa kidole apate kusikia kama yamejaa. Kisha akauliza, na Jelle akamjibu kama serikali ilivyomjibu yeye: wiki ijayo, inshallah.

"Mimi nilisema inshallah," Jelle anasema. "Lakini yeye alisikia pipa."

Basi Alhamisi ile ndiyo watu wa Awil waliofika. Mkubwa wa msafara ni Muslimo Ogle, mjane anayeendesha mifugo yake mwenyewe. Wametoka upande wa Habaswein, wakaviacha njiani visima viwili vyenye foleni, kwa sababu sahan alisema Gubatu kuna maji. Mbuzi wengine tayari wamebebwa begani.

Muslimo hakupiga kelele. Alitoa salamu zote, akauliza afya, akauliza habari za mvua kama mtu aliyekuja kutembea tu. Halafu akauliza kwa nini mabirika ni makavu. Jelle akaeleza: kamati, lakiri, ruhusa. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuona aibu.

"Jelle, walaal, ndugu yangu, ufunguo uko wapi?"

"Ninao hapa."

"Na ruhusa?"

"Iko Garissa."

"Basi waelezee hawa ngamia wewe mwenyewe," Muslimo alisema. "Mimi lugha ya kamati siijui."

Awil alikwenda kukaa mbali na wenzake, amejifunika uso kwa shuka.

Desturi hairuhusu kumnyima msafiri maji, hata awe adui. Jelle alitoa maji ya pipa la nyumbani kwake, watu wakafuturu, watoto wakalala wamekunywa. Lakini pipa la nyumba halinyweshi ngamia. Na kufuli aliliogopa. Mlinzi wa kisima kingine aliwahi kufungua bila ruhusa. Akafutwa kazi na ikasemwa dizeli ameiuza. Jelle aliuogopa na moshi pia. Injini ikilia, moshi wake huonekana mbali, na kila mchungaji wa nyika ile angekuja. Dizeli ingekwisha, na nyingine hakuna aliyeiahidi.

Aliwaomba wamngoje. Akadandia lori la mifugo kwenda Garissa.

Ijumaa ofisi zilikuwa nusu wazi, Idi inanukia. Jelle alimkuta Abdiwahid nyumbani kwake, binti zake wakipakwa hina barazani. Kijana alimpa kiti chake mwenyewe, akaeleza kwa upole. Pesa za ukame wa kawaida zina fungu lake. Pesa za mabadiliko ya hali ya hewa zina fungu lake, na wafadhili hawataki yachanganywe. Kamati ilikuwa bado haijaamua ukame wa mwaka huu ni upi kati ya hiyo miwili.

"Ngamia akifa, tuandike amekufa kwa upi?" Jelle aliuliza.

"Adeer, ami yangu, usinicheke, mimi pia silali," Abdiwahid alijibu. "Nikisema fungua, kesho wakaguzi wataniuliza nimetumia dizeli ya nani kwa ukame wa nani. Aliyekaa kiti hiki kabla yangu mpaka leo anakwenda mahakamani."

Mwenyekiti peke yake ndiye angeweza kuamua, na mwenyekiti alikuwa Nairobi. Angerudi baada ya sikukuu.

Jelle aliingia Gubatu siku ya pili ya Idi, mikono mitupu. Msafara haukuwapo. Walikuwa wameshika njia ya Tana, njia ambayo mwenye ngamia huikimbia, kwa sababu kando ya mto kuna mbung'o. Kwenye ua wa kisima mbuzi walikuwa wamelala wafu, vichwa vyote vimeelekea mabirika.

Alikuwa amebaki mzee Ogle, babake Muslimo, ambaye miguu ilikataa, pamoja na ngamia wawili wa maziwa wa kumlinda na njaa. Mzee alimpa Jelle mkono wa Idi. Hakumlaumu, hakuuliza habari za Garissa.

"Afadhali angenitukana," Jelle anasema.

Alifungua kufuli, akavunja lakiri ya pipa la kwanza, akaiwasha injini.

Alilolihofia likawa. Moshi ulionekana. Mifugo ikamiminika kutoka pande zote, Gubatu ikageuka soko. Siku hizo hakuna mnyama aliyekufa kwa kiu pale. Halafu gari la kamati likaja. Gari lilelile ambalo halikuwahi kuleta ruhusa lilipata mafuta ya kuleta karipio.

Jelle hakufukuzwa, maana hakuna mwingine anayezijua tabia za injini ile. Waliongeza kufuli la pili. Ufunguo wake umekaa Garissa, na ndani yamebaki mapipa matatu tu. Tena ameagizwa asimjibu sahan yeyote.

Ogle alichukuliwa na jamaa waliokuwa wakipita na punda. Muslimo sasa anaishi kwenye vibanda vya pembezoni mwa Garissa, akichuuza kuni. Ngamia wake waliofika mtoni wameanza kukonda kwa ugonjwa wa mbung'o. Awil hatumwi tena popote. Anabeba mizigo sokoni. Muslimo alipoulizwa kuhusu mlinzi wa Gubatu, alifikiri kidogo akasema hana ugomvi naye. "Yule ni mshika kufuli. Mwenye kufuli mimi sijamwona."

Mvua ya gu, masika ya huku, hutazamiwa mwisho wa Machi au Aprili. Sehemu kubwa ya nyasi za Gubatu imeliwa, na mbingu ni nyeupe kama kitambaa kilichochujuka. Juzi sahan wawili walipita. Jelle aliwapa maji ya kunywa, jibu hakuwapa. Walimtazama kama mtu aliyepungukiwa na akili, wakaenda zao. Walikoelekea hajui, na hilo ndilo linalomkosesha usingizi.

Anachokitaka si kikubwa. Ufunguo wa pili wapewe wazee wa koo tatu zinazokitegemea kisima. Wao pamoja naye watajua siku ya kufungua. Garissa na Nairobi wabishane baadaye ni fungu lipi lilipe dizeli. Ombi hilo amelifikisha mbele ya kamati yenyewe, mjini Garissa, alikoitwa ajieleze. Walikuwapo watu wa maji, wa mifugo, wa ukame na wa hali ya hewa, na bwana mmoja kutoka Nairobi aliyetumia asubuhi nzima kuueleza mpango wa taifa.

Jelle aliwangoja wamalize. Kisha akainua mkono, akasema kwa Kiswahili chake, ili yule bwana asihitaji mkalimani.

"Maji iko. Dizeli iko kidogo. Mvua ya gu ikikataa, nani kati yenu atasema fungua?"

Mtu wa maji alimtazama wa mifugo. Wa mifugo alimtazama Abdiwahid, naye Abdiwahid akatazama meza. Mwenyekiti alisema swali ni zuri na litafikishwa Nairobi, mkutano ukafungwa kwa dua.

Tangu siku hiyo kila lori linalotoka Garissa na kupita Gubatu husimamishwa na Jelle. Haulizi sukari wala barua. Humuuliza dereva jambo moja tu: wameshasema ni nani?