Alama ya Ngamia Kwenye Kioo

Juzi, kwa fundi wa simu hapa Wabera, harufu ya nyaya zikichomelewa ilinirudisha kwenye mchana mmoja wa utotoni.

Dada yangu Halima alitoa kioo kwenye kalkuleta mbovu ya kuchora grafu, akakiunganisha kwa nyaya na vidude vyake vya umeme, na juu yake ikatokea ile alama wanayochomwa ngamia wetu. Baba akaita majirani: “Njooni muone kazi ya binti yangu!”

Kwani mimi nilikuwa binti wa nani?

Walipoenda kunywa chai nilikichomoa kioo, nikiamini alama imo ndani yake. Mkononi mwangu kilikuwa kijivu, hakina kitu; nikakificha. Halima aliniomba nimsaidie kukitafuta, nikainama naye mchangani hadi adhana ya alasiri.

Sasa najua alama ilitoka kichwani mwake. Kioo bado ninacho.