Mwalimu Mabano na Alama ya Kutoa

Kwa miaka ishirini na mbili alifundisha hesabu katika shule ileile, na wanafunzi wakambandika jina la Mabano, maana hakuna mada aliyoipenda kama kutafuta vigawo vya mitajo ya kipeo cha pili. "Tafuteni namba mbili," alikuwa akisema. "Zikizidishwa zitoe hii ya mwisho, zikijumlishwa zitoe hii ya katikati. Kazi kwisha!"

Jumanne moja aliandika ubaoni x² − x − 12, na palepale, kwa mbwembwe, akamalizia: (x + 4)(x − 3).

Binti wa fundi cherehani akanyoosha kidole. "Samahani, Mwalimu. Nadhani alama zimepishana. Nne ndiyo ya kutoa."

Mabano hakujisumbua hata kugeuka. "Tangu lini wewe ukawa mwalimu? Au cherehani ya mama yako inafundisha hesabu siku hizi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Msichana akakaa, kichwa chini.

Mchana, katika ofisi ya walimu, Mabano alisahihisha madaftari. Wengine wote walikuwa wamenakili jibu lake; akawapa vema. Kwa binti yule akakuta (x − 4)(x + 3), akapiga mkasi mwekundu wa kukosa. Chini yake msichana alikuwa ameyazidisha mabano hatua kwa hatua, na Mabano akafuata kwa ncha ya kalamu apate pale alipoteleza. Hakupaona. Akazidisha ya kwake: katikati ikatoka jumlisha x.

Masikio yakamwaka moto. Akatupa jicho kwa mwenzake wa jiografia. Alikuwa anakunywa chai, hana habari. Akajaribu kuugeuza ule mkasi uwe vema, wino ukazidi kusambaa.

Kesho yake akaingia darasani na tabasamu. "Jana niliwatega. Nilitaka kujua nani yuko macho."

"Mwalimu mjanja!" wakapiga makofi.

Binti hakupiga. Alimtazama tu, kama mtu anayemwonea haya mwenzake. Macho yale yakamkata maini.

"Hapana," Mabano akasema. "Sikuwatega. Nilikosea. Mwenzenu akanisahihisha, nikamdhihaki yeye na mama yake. Na sasa hivi nimewadanganya." Akamgeukia. "Nisamehe, mwanangu."

"Sawa, Mwalimu," alijibu bila kuinua macho.

Jioni akapita kwa fundi. Mama wa watu akamwachia kiti chake. "Karibu, Mwalimu! Binti yangu anakusifia si mchezo."

Kumbe hakuambiwa kitu. Ikabidi Mabano aungame mwenyewe, neno kwa neno, huku akichezea funguo zake. Mama akakunja kitambaa alichokuwa akikishona.

"Hilo hakuniambia," akasema mwisho.

Ilipita miezi miwili kabla msichana hajanyoosha kidole tena katika somo la hesabu. Mabano akaiacha chaki, akamkimbilia kwa furaha.

"Ndiyo, mwanangu?"

"Naomba kwenda chooni, Mwalimu."