Gari la Farasi la Harusi

Baba yangu alitengeneza chukudu mjini Goma, ile mikokoteni ya mbao ya magurudumu mawili ambayo vijana huipakia viazi na makaa wakateremka nayo mlimani. Alifariki nikiwa kambi ya wakimbizi. Sikumzika.

Nilipofika Birmingham nilipata kazi mtaa wa Aston, kwenye karakana inayofufua magari ya farasi ya zamani za mababu wa hapa. Gari langu la kwanza lilikuwa jeusi, sakafu imeoza. Nilipong'oa mbao nikakuta alama za randa ya fundi aliyeliunda, upande wa chini kabisa ambako abiria hangetazama kamwe. Alilainisha hata huko. Baba naye alikuwa hivyo. Nikapapasa zile alama muda mrefu, nikiwaza mkono uliozichora, na nani alikuwa akiungoja nyumbani jioni.

Siku ya kuvisha gurudumu pete yake ya chuma, tuliichoma ikawa nyekundu, tukaishusha kwenye mbao, tukamwaga maji ili ikaze. Mvuke ukaniunguza.

"Mama yangu wee!"

"Pole, fundi," sauti ikajibu mlangoni.

Alikuwa mama mzee wa Kisingasinga, mwenye lile gari jeusi. Mjukuu wake angebebwa nalo siku ya kuolewa.

"Unajua Kiswahili, mama?"

"Nimezaliwa Nakuru. Tangu mume wangu afariki, sina wa kuongea naye. Wajukuu wanasikia, lakini wananijibu Kiingereza."

Tulipomaliza kazi alirudi, tukaketi ndani ya gari lisilo na farasi, tukazungumza. Nikamsimulia baba na chukudu zake; baba yake naye alikuwa seremala.

"Wako alitumia mti gani?" akauliza.

"Mkaratusi."

"Ukiukata mbichi, unanuka kama dawa ya kifua!"

"Huo huo, mama."

Akafumba macho. Nami nikafumba yangu, na tayari nilikuwa nimeshafika uani kwetu Goma.

Siku ya harusi nilisimama mtaa wa Small Heath, kando ya barabara ya maduka, nilione gari likipita. Lilikuja polepole, mabasi yakipanga foleni nyuma. Yule mama akashusha kioo.

"Fundi! Panda!"

Nikapanda na viatu vyangu vya kazi, nikabanana na bibi harusi aliyekuwa akicheka. Magurudumu yalinguruma chini yetu. Nilimkumbuka baba hadi machozi yakanitoka. Yule mama akanipa ncha ya mtandio wake nifute uso.