Kabla ya Bangi au Baada?

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kalamu mbili, rundo la kadi na onyo. Msimamizi wa kumbukumbu, mzee aliyefunga tai hata siku za joto, aliniambia: "Karani, daktari akikosea, kadi nzuri inaweza kumwokoa. Wewe ukikosea, daktari hatajua." Nilidhani anajipandisha cheo tu.

Nilianzia kwa wagonjwa wa nje, nikahamishiwa kliniki ya kifua kikuu, kisha nikapelekwa wodi ya wagonjwa wa akili, ambako wenzangu hawakutaka kwenda. Nilikaa huko mpaka nilipostaafu mapema. Shule yangu iliishia kidato cha nne. Mengine niliyasoma mwenyewe katika vitabu vya wauguzi, nikiviazima Ijumaa na kuvirudisha Jumatatu.

Karani wa wodi ndiye hufungua faili. Huandika jina, umri, kijiji, na aliyemleta mgonjwa. Kadi zetu zilikuwa na mstari mmoja ulioandikwa "Sababu", mfupi, unaotosha neno moja. Jamaa wengi walikuja na moja ya majibu mawili: amerogwa, au amevuta bangi. Uchawi haukuandikwa katika kadi ya hospitali. Basi kwa kijana yeyote mwenye macho mekundu niliandika "bangi", wakati mwingine kabla mama yake hajamaliza kueleza. Hakuna aliyenisahihisha.

Ndivyo nilivyomwandika Shivachi. Alikuwa mwanafunzi wa uchomeleaji vyuma, ametoka Khayega, ameletwa na mama yake na majirani wawili. Alisema redio ya jirani inatangaza jina lake kila baada ya taarifa ya habari. Hali hiyo ya kusikia au kuamini kwa nguvu mambo ambayo hayapo huitwa saikosisi. Nikauliza, "Anavuta?" Mama akajibu, "Ndiyo, lakini—" Nikaandika.

Baada ya majuma machache alitulia, akaanza kucheka na wauguzi na kuomba ugali uongezwe. Akaruhusiwa kwenda nyumbani na dawa, na tarehe ya kurudi kliniki. Hawakurudi. Hatukuwatafuta.

Mwaka uliofuata mama alimleta tena, akiwa amekonda na hali mbaya kuliko mwanzo. Safari hii alikuja moja kwa moja mezani kwangu.

"Daktari, wewe ulituandikia bangi."

"Mimi si daktari, mama. Ni karani."

"Mwenye kalamu ni daktari. Uliandika bangi, nikasema sawa, bangi ikiisha ugonjwa umeisha. Nikamwachisha dawa, nikamwachisha na bangi. Ninaangalianga mifuko yake kila asubuhi. Ninanusanga hata shati! Hajavuta. Sasa hii ni nini?"

Sista msimamizi wa wodi, mwanamke wa maneno machache, alikuwa amesimama mlangoni. Alivuta kiti, akaketi karibu na yule mama.

"Mama Shivachi, tuanze mwanzo. Ni lini uliona mtoto amebadilika? Kabla ya bangi au baada?"

Mama alihesabu kwa misimu, kama watu wa shamba wanavyohesabu. Wakati wa kupalilia mahindi, Shivachi alikuwa ameacha kulala na kuanza kula peke yake. Kuvuta alianza mahindi yakikauka. Kisha mama akataja, kama jambo dogo, kaka yake mwenyewe wa Navakholo ambaye huongea na ukuta tangu ujana. "Na huyo hata chang'aa hajawahi kuonja. Ni mtu wa kanisa."

Sista alinigeukia. "Karani, ulikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Siku hiyo nilinunua daftari, nikawa ninaandika mpangilio wa mambo kwa kila mgonjwa mpya: kipi kilitangulia, alianza kuvuta akiwa na umri gani, mara ngapi, na nani mwingine katika ukoo aliwahi kuugua.

Nilitarajia jibu moja. Sikulipata. Wako waliochanganyikiwa baada ya kuvuta, wakapona, wakaacha, sikuwaona tena. Wako waliorudi kila walipovuta. Wako waliobaki wagonjwa hata baada ya kuacha, na wengi wao walianza kuvuta wakiwa wadogo, walivuta kila siku, au walikuwa na mgonjwa ukooni. Wengine hawakuwahi kugusa kitu. Na maelfu wanaovuta bila kuumwa hawakufika mezani kwangu, kwa hiyo daftari langu halikuwajua. Vitabu vilikubaliana nami kwa kiasi: bangi inaweza kufungua ugonjwa wa kudumu kwa baadhi ya watu, lakini kwa mtu mmoja aliyeketi mbele yako, ni vigumu kusema kwa hakika kwamba ndiyo iliyoufungua.

Shivachi alirudishiwa dawa na safari hii mama hakuikatiza. Alimaliza masomo akiwa miaka miwili nyuma ya wenzake. Nilipostaafu, ndiye aliyenitengenezea lango. Alipokuwa akilifunga bawaba, aliinua kinyago cha kuchomelea.

"Mzee, ningeuliza kitu. Kama singevuta, ningekuwa sawa?"

"Sijui."

"Miaka yote hiyo na daftari, na hujui?"

"Labda ungeugua tu. Labda ungechelewa kuugua. Labda usingeugua kabisa. Ningesema najua, ningekuandika vibaya mara ya pili."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Nauliza kwa sababu ya dada yangu. Yuko kidato cha tatu. Nimenusa sweta yake. Nikimwambia itamharibu, atasema marafiki zake wako poa. Na ni kweli wako poa."

"Marafiki zake hawana mjomba wa Navakholo. Wala hawana kaka kama wewe."

"Basi mwambie wewe. Mimi ataniona nina wivu."

Msichana alikuja Jumapili baada ya kanisa, begi begani, amenuna.

"Kaka amesema utanihubiria. Tufanye haraka. Bangi inaletanga wazimu, ndiyo au hapana?"

Nilichukua daftari, nikafungua ukurasa mweupe. Swali langu nilikuwa nimeliuliza mara nyingi sana, kila mara mtu akiwa ameshafika wodini.

"Keti, mama. Siku hizi unalala vizuri?"

Aliliweka begi chini, akaketi.