Bendera ya Bibi Hatsuno

Bi Tokie, mjitoleaji wa ustawi wa jamii katika mtaa wetu hapa Kochi, Japani, amekagua milango ya wazee kila asubuhi kwa miaka kumi na mmoja. Ukiamka mzima unatundika bendera ya njano mlangoni, jioni unaiondoa. Asipoiona, anagonga. Ni mpango mzuri, ila Bi Tokie anagonga kama polisi.

"Bibi Hatsuno, leo tena? Au unataka nije na jeneza kabisa?" alimfokea jirani yangu mbele ya watu. Bibi wa miaka themanini na sita akainama kuomba radhi, na magoti yake yale yaliyovimba.

Jioni akaniita. "Shigeo mwanangu, uwe unanitundikia wewe. Nimechoka kusemwa."

Nikakubali; nami ni mzee ninayeishi peke yangu, niko kwenye mpango huo huo. Kila asubuhi nikatundika yangu na yake, jioni nikaziondoa zote. Kwenye mkutano wa mtaa Bi Tokie akamsifu kwamba sasa amejirekebisha.

Mwezi wa nane, asubuhi moja kabla sijatundika chochote, nikasikia harufu, nikavunja mlango wake. Alikuwa ameanguka jikoni. Daktari alisema alikufa siku sita zilizopita, na kabla ya hapo alilala pale sakafuni akiwa hai, labda siku mbili.

Bi Tokie akaja na daftari lake. "Lakini bendera ilikuwepo kila siku."

"Nilikuwa naitundika mimi."

Akautazama mlango wangu.

"Na yako ya leo, Shigeo, iko wapi?"